Maporomoko ya Hardanger kwa miguu: mwongozo kwa anayekwenda mara ya kwanza

Hardanger iko magharibi mwa Norwei, katika mkoa wa Vestland, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari kutoka jiji la Bergen. Katikati yake imelala fiodi, yaani hori refu la bahari lililopenya kati ya milima kwa kilomita 179. Mashariki yake kuna Hardangervidda, uwanda wa juu wa mawe na maziwa ambao ni hifadhi ya taifa kubwa kuliko zote za Norwei bara. Kusini-magharibi imekaa barafu ya Folgefonna. Uwanda ule haushuki taratibu hadi baharini. Umekatika ghafla kama ukingo wa meza, na maji yakifika ukingoni hayana njia nyingine ila kuanguka.

Wageni wengi huja na basi la watalii, hushuka dakika kumi, hupiga picha na kuondoka. Siwalaumu, muda ni mali. Lakini mimi nimeishi Bergen miaka kadhaa na kila kiangazi narudi kwenye mabonde haya, na naamini kwamba poromoko la maji lajulikana kwa kulifuata kwa miguu. Unaanza kulisikia kabla hujaliona, unahisi ubaridi wake shingoni, kisha unapanda hadi unakuta mto ule ule umetulia juu kana kwamba haujui kinachoungoja chini. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuyaona hayo yote na kurudi salama.

Hatua ya kwanza: chagua mwezi kabla ya kuchagua poromoko

Hili ndilo jambo ambalo wengi hulikosea. Maji unayoyaona yakianguka mwezi Juni yalikuwa theluji mwezi Machi. Kwa hiyo wingi wa maji na usalama wa njia havikai mwezi mmoja: maji yakiwa mengi kabisa, njia za juu bado zimefunikwa na theluji, njia zikishakauka, maji nayo yamepungua. Kila anayepanga safari lazima apime kati ya mambo hayo mawili.

Kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Juni, theluji inayeyuka kwa kasi na mito inafurika. Kwenye kingo za fiodi, hasa Ullensvang, miti ya matofaa na cheri huchanua maua meupe, na juu yake milima bado ina vilemba vya theluji. Ni wakati mzuri wa kuzunguka njia za chini. Usijaribu njia zinazopanda juu sana, kwa sababu theluji iliyooza hubomoka chini ya mguu na mara nyingi kuna kijito kinachopita chini yake.

Julai, Agosti na mwanzo wa Septemba ni msimu wa kupanda. Njia nyingi zimefunguka, na jua la mwishoni mwa Juni na mwanzoni mwa Julai halizami hadi karibu saa tano usiku, hivyo giza halikukimbizi. Kama hakujanyesha kwa muda, maporomoko mengine yatakuwa yamekonda. Dawa yake ni mvua, na mvua haina uhaba huku. Bergen hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Zikinyesha siku mbili mfululizo, nenda asubuhi ya siku ya tatu. Utakuta mto umejaa na anga limefunguka.

Kuanzia mwisho wa Septemba mvua za vuli huyafufua maporomoko, ila ifikapo saa moja na nusu jioni giza limeanza kuingia. Majira ya baridi waachie wenyeji wenye vifaa vya barafu.

Kuna jambo jingine la kujua. Karibu asilimia 90 ya umeme wa Norwei hutokana na nguvu ya maji, na mito mingi imezuiwa kwa mabwawa na kupitishwa kwenye mabomba ndani ya miamba. Vøringsfossen, poromoko mashuhuri kuliko yote hapa, ni mojawapo: maji yake yameunganishwa na kituo cha umeme cha Sima tangu 1980, na kwa masharti ya leseni huachiwa angalau mita za ujazo 12 kwa sekunde kuanzia tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba. Ukienda mwanzo wa Mei, unaweza kukuta uzi mwembamba mahali ulipotarajia ngurumo. Mto Kinso wa bonde la Husedalen umehifadhiwa, haukuguswa na mabwawa makubwa, na Låtefossen karibu na mji wa Odda vivyo hivyo. Hiyo ni sababu moja ya mimi kuipenda Husedalen zaidi.

Ukiniuliza wiki zipi, nitakuambia wiki mbili za mwisho za Juni. Maji bado ni mengi, njia za mabondeni ziko wazi, na umati wa Julai haujafika.

Hatua ya pili: panga namna ya kufika

Anayetoka Afrika Mashariki anahitaji viza ya Schengen. Norwei imo Schengen ingawa si mwanachama wa Umoja wa Ulaya, kwa hiyo mwenye kibali cha kuishi Ujerumani, Ubelgiji au Sweden huja kutembea bila viza nyingine. Ndugu zetu wengi kutoka Kongo wanaishi Norwei yenyewe. Kwao hii ni safari ya wikendi.

Ukishuka uwanja wa ndege wa Bergen, kuna treni ya mjini, Bybanen, inayokupeleka hadi katikati ya jiji. Ukitokea Oslo, panda treni ya Bergen, reli iliyovuka milima hii tangu 1909, ushuke Voss. Ni safari ya zaidi ya saa tano, na dirishani pekee unapata faida ya nauli. Mabasi ya umma ya mkoa huendeshwa chini ya jina la Skyss, na tiketi hununuliwa kwenye programu ya simu. Kwa basi unafika Norheimsund, Voss na Odda bila shida. Jumapili na sikukuu mabasi hupungua sana, kwa hiyo soma ratiba ya kurudi kabla ya ile ya kwenda.

Mwenye gari ana uhuru zaidi, hasa wakiwa watu watatu au wanne wa kuchangia mafuta. Kumbuka hapa gari hupita kulia. Barabara za kando ya fiodi ni nyembamba; kila baada ya mwendo mfupi kuna sehemu iliyopanuliwa yenye kibao cha bluu chenye herufi M, na aliye karibu nayo ndiye anayengoja. Taa za mbele huwashwa hata mchana. Tozo za barabara na madaraja hukatwa kwa kamera, huoni mtu wa kumlipa. Bili itakuja kwa njia ya kampuni iliyokukodisha gari. Ukivuka Daraja la Hardanger, lililofunguliwa 2013 likiwa na mita 1,310 kati ya minara yake miwili, utatoka darajani na kuingia moja kwa moja handakini, na ndani ya mlima utakuta mzunguko wa barabara uliomulikwa taa za bluu. Usishtuke wala kusimama. Fuata kibao chako.

Hatua ya tatu: vaa na ufungashe kama mtu wa mlimani

Adui yako hapa si baridi kali, ni maji na upepo vikikukuta pamoja. Pamba ikilowa hukaa na maji na kukunyonya joto, kwa hiyo suruali za jinzi na fulana za pamba ziache hotelini. Wanorwei huvaa tabaka tatu: sufu nyembamba mwilini, sweta au koti jepesi la joto katikati, na koti lisilopitisha maji juu. Sufu hata ikilowa bado hupasha joto. Soksi nazo ziwe za sufu, na ubebe jozi ya pili ndani ya mfuko wa nailoni.

Viatu ndivyo vya kutumia pesa. Buti zenye soli ya meno na zinazoshika kifundo cha mguu zinatosha. Raba za mjini zimeangusha watu wengi. Mwaka mmoja tulikuwa wanne Husedalen, mmoja wetu akiwa na raba nyeupe nzuri kabisa, na kwenye mzizi wa mti uliolowa akateleza, kifundo kikavimba ukubwa wa chungwa. Tulitumia saa tatu kumshusha njia ambayo kwa kawaida ni dakika hamsini.

Begini weka kofia na glavu hata kama ni Julai, maana kila ukipanda mita mia joto hupungua kwa zaidi ya nusu nyuzi, na juu kuna upepo. Weka chakula cha kutosha siku nzima, chupa ya chai ya moto, bandeji, taa ndogo, na betri ya akiba ya simu. Mimi hubeba pia kanga moja kuukuu. Ni taulo, ni kitambaa cha kukalia kwenye jiwe lililolowa, ni kombeo la mkono ikibidi, na haina uzito wowote.

Chakula kipike au kinunue dukani mjini, kwa sababu njiani hakuna mabanda. Chapati na mayai ya kuchemsha husafiri vizuri kuliko mkate wowote. Kwenye vituo vya mafuta huuzwa pølse, soseji, na nyingi zina nyama ya nguruwe. Asiyekula aulize kwanza. Maji ya bomba hunyweka kila mahali, jaza chupa yako hapo ulipolala.

Hatua ya nne: anza na Steinsdalsfossen

Poromoko hili liko nje kidogo ya mji mdogo wa Norheimsund, na lina urefu wa mita 46 hivi. Si refu kwa kulinganisha na mengine. Sifa yake ni kwamba njia ya miguu hupita nyuma ya maji, chini ya mwamba uliochomoza, na ukiwa pale unaitazama dunia kupitia pazia la maji. Mfalme Wilhelm wa Pili wa Ujerumani alikuwa akija kulitazama mara kwa mara kabla ya Vita Kuu ya Kwanza.

Kutoka maegesho ni mpando mfupi wa njia iliyotengenezwa yenye vizuizi pembeni. Niliwahi kumleta mgeni hapa, mama mdogo wangu kutoka Tanga, mwenye miaka sitini na kitu na magoti yanayolalamika. Tulipanda pole pole, akiwa amenishika mkono. Tulipofika nyuma ya maji alisimama, akaziba sikio moja, akatazama juu pale yanapochomoka mwambani.

"Mwanangu, haya hayafungwi usiku?" akauliza.

"Hayafungwi, mama mdogo. Usiku na mchana ni hivi hivi."

"Subhanallah." Akatoa mkono nje hadi ncha za vidole zikaguswa na manyunyu, akaupaka uso. Hakutaka picha hadi tulipomaliza kushuka.

Kwa hiyo, kama una mzee, mtoto mdogo au mtu ambaye hajawahi kupanda popote, mlete hapa siku ya kwanza. Utaona pia anavyotembea, na utajua kama njia za mbele zinamfaa. Mawe yaliyo nyuma ya maji hulowa daima, na msimu wa barafu njia hufungwa.

Hatua ya tano: itengee Husedalen siku nzima

Ukiwa na siku moja tu Hardanger, na miguu yako ni mizima, itumie hapa. Husedalen ni bonde linalopanda kutoka kijiji cha Kinsarvik hadi ukingoni mwa Hardangervidda, na mto Kinso unalishuka kwa maporomoko manne yaliyofuatana: Tveitafossen wa mita 103, Nyastølsfossen wa mita 115, Nykkjesøyfossen wa mita 49, na Søtefossen wa mita 247 uliogawanyika mara mbili. Kwenda na kurudi weka saa sita, na zaidi kidogo kama unapenda kukaa. Anza kabla ya saa tatu asubuhi, kwani maegesho ya bondeni ni machache. Yakijaa utaacha gari kijijini na kuongeza mwendo.

Sehemu ya kwanza ni barabara ya changarawe inayopanda kwa ukali hadi kufikia Tveitafossen. Karibu na hapo utaona kituo kidogo cha zamani cha umeme. Usidanganyike na urahisi wa njia ukaanza kwa kasi. Neno letu la Kilimanjaro, pole pole, lina maana ile ile hapa: mpando huu wa kwanza ndio unaochosha wasiojipanga.

Baada ya hapo barabara inaisha na msitu unaanza. Njia inakuwa ya mawe, mizizi na tope, na katika sehemu kadhaa unatembea juu ya mwamba mtupu uliolainishwa na barafu ya zamani za kale. Mwamba ukiwa mkavu unashika buti vizuri kabisa. Ukiwa umelowa, tafuta mistari ya nyasi pembeni au rangi ya kijivu iliyokwaruzika. Epuka sehemu nyeusi zinazong'aa, huo ni ukoga na unateleza kama sabuni. Alama za njia ni herufi T nyekundu zilizopakwa kwenye mawe na miti. Ukipita dakika kumi hujaiona T, rudi hadi ulipoiona ya mwisho. Usikate njia yako mwenyewe.

Nyastølsfossen utausikia kabla ya kuuona. Ndiyo poromoko ninalolipenda kuliko yote ya bonde hili, kwa sababu unalikaribia sana. Maji hushuka mwamba ulioinama, hayaanguki hewani moja kwa moja, hivyo huchanika vipande vipande na kurusha manyunyu hadi njiani. Mwezi Juni manyunyu hayo hulowesha kope. Vaa koti la mvua kabla hujafika, hata kama jua linawaka, na simu iingize ndani ya mfuko. Jua likiwa nyuma yako asubuhi, upinde wa mvua unasimama chini pale, na ukisogea hatua mbili nao unasogea.

Nykkjesøyfossen ni mfupi na mpana, na juu yake bonde linapanuka na kuwa tambarare yenye nyasi. Hapa ndipo pa kula. Kaa, vua buti, pumzisha miguu. Kutoka hapa unauona Søtefossen mbele yako, mstari mrefu mweupe uliogawanyika katikati. Wengi hugeukia hapa, na hawajakosea: mtazamo wa chini ni mzuri kuliko wa juu. Anayetaka kuendelea atakuta njia inapanda kwa ukali kando ya poromoko hadi ukingo wa uwanda. Endelea ikiwa tu hali ya hewa imetulia, una nguvu za kushuka, na saa yako haijapita saa nane mchana.

Kushuka ndiko kunakojeruhi. Magoti yamechoka, akili imeshafika garini, na mawe ni yale yale. Fupisha hatua, tumia fimbo kama unazo, na usiruhusu mtu abaki peke yake nyuma.

Hatua ya sita: Vøringsfossen, na adabu ya kusimama ukingoni

Vøringsfossen uko juu ya Eidfjord, kando ya barabara namba 7, mahali mto Bjoreio unapotumbukia katika bonde jembamba la Måbødalen. Jumla ya mwanguko ni mita 182, na mita 145 kati ya hizo maji huanguka hewani bila kugusa mwamba. Mwaka 2020 lilifunguliwa daraja la miguu la chuma juu yake, lenye ngazi 99 na urefu wa mita 47, kazi ya msanifu Carl-Viggo Hølmebakk. Upande mmoja ni mwinuko, upande wa pili chini, na katikati, chini ya miguu yako, kuna korongo. Mwenye kuogopa kimo asilazimishwe. Kuna majukwaa mengine yenye vizuizi imara ambayo mtazamo wake hauna upungufu.

Karibu na hapo ipo Hoteli ya Fossli, iliyofunguliwa 1891, ambako mtunzi wa muziki Edvard Grieg alikaa na kufanya kazi mwaka 1896.

Naomba nisikike hapa. Watu wamewahi kuanguka na kufa katika korongo hili. Vizuizi viko kwa sababu hiyo. Usivuke kizuizi kwa ajili ya picha, usimweke mtoto juu ya ukuta, usirudi nyuma kinyumenyume ukiwa umeshika simu. Nyasi za ukingoni hulowa na manyunyu hata siku ya jua, na zimeinamia korongoni.

Kwa matembezi, bonde la Måbødalen lina njia za kale zilizotumika kabla ya barabara ya magari, pamoja na sehemu ya barabara ya zamani ambayo sasa ni ya waenda kwa miguu na baiskeli. Kuna pia njia ya kwenda hadi chini ya poromoko, ya mawe makubwa na maporomoko ya miamba pembeni. Uliza Eidfjord kabla ya kuifuata, na ukikuta kibao cha kufungwa, heshimu.

Hatua ya saba: ukibaki na siku, chagua upande

Anayetokea au kuelekea Voss apitie Skjervsfossen, karibu na Granvin. Iko kwenye barabara ya zamani. Magari mengi sasa hupita handakini, kwa hiyo ni pa utulivu. Kuna ngazi za mawe kutoka juu hadi chini, na vyoo safi, jambo ambalo msafiri mwenye watoto atalithamini.

Anayekwenda kusini apite Odda hadi Låtefossen, mwendo mfupi wa gari. Mikondo miwili inaanguka mita 165, inakutana chini na kupita chini ya daraja la mawe lenye matao sita, ambalo magari yanapita juu yake. Kukiwa na maji mengi, manyunyu huosha vioo vya gari. Ng'ambo ya bonde kuna Espelandsfossen, ambao watu huusahau kwa sababu wamegeukia upande mmoja. Egesha mahali palipotengwa na uvuke barabara kwa uangalifu. Madereva nao wanatazama maji.

Mwenye familia na anayetaka njia nyepesi aende Sunndal, upande wa Kvinnherad, kwenye ziwa la Bondhus. Njia ni pana, yatembeka hata na watoto, na ilitengenezwa mwaka 1863 kwa ajili ya kusafirisha vipande vya barafu kwenda kuuzwa. Mwisho wake ni ziwa la kijani, na juu yake ulimi wa barafu ya Folgefonna.

Mwenye miguu ya chuma ana chaguo mbili. Kutoka Lofthus hupanda ngazi 616 za mawe zilizojengwa na watawa wa Kikristo katika karne ya 13, hadi mahali paitwapo Nosi, mita 950 juu ya fiodi. Ngazi hizo ni sehemu ya Njia ya Malkia, kilomita 16 kati ya Kinsarvik na Lofthus, iliyopewa jina la Malkia Sonja. Mimi naiona bora kuliko Trolltunga, ule mwamba uliochomoza kama ulimi ambao kila mtu ameuona kwenye simu. Trolltunga ni kilomita 27 kwenda na kurudi kutoka Skjeggedal, mwendo wa saa kumi hadi kumi na mbili, na foleni ya kupiga picha. Anayeutaka asiende nje ya Juni hadi Septemba bila kiongozi.

Mambo ya kushika njia nzima

Angalia hali ya hewa kwenye Yr, huduma ya idara ya hali ya hewa ya Norwei, usiku na tena asubuhi. Njia zina rangi nne: kijani ni rahisi, bluu ya wastani, nyekundu ngumu, nyeusi ya wataalamu. Mgeni asianze na nyekundu.

Mwambie mtu unakokwenda na saa ya kurudi. Namba za dharura ni 113 kwa wagonjwa, 112 polisi, 110 zimamoto. Pakua programu ya Hjelp 113, ambayo huwaonyesha waokoaji mahali ulipo. Ndani ya mabonde mtandao hukatika, hivyo hifadhi ramani kwenye simu kabla ya kuondoka.

Wanorwei wana kanuni tisa za mlimani, zilizoanza miaka ya 1950, na moja kila mtoto anaijua: si aibu kugeuka. Nimegeuka mara nyingi. Søtefossen nimeufikia juu mara mbili tu.

Sheria ya mwaka 1957 inampa kila mtu, mgeni pia, haki ya kutembea na kulala kwenye ardhi isiyolimwa. Hema liwe angalau mita 150 kutoka nyumba iliyo karibu, na mahali pamoja usizidishe siku mbili bila ruhusa. Moto hauruhusiwi msituni wala karibu yake kuanzia 15 Aprili hadi 15 Septemba. Geti la kondoo ulilolikuta limefungwa lifunge. Mashamba ya matofaa si pori, usichume. Taka zote rudi nazo. Ukikutana na mtu njiani sema "hei", naye atakujibu, hata yule ambaye mjini angekaa kimya karibu nawe kwenye basi. Jioni jikague miguu na mikunjo ya mwili kutafuta kupe, maana wapo kwenye nyasi ndefu za chini.

Na ukishafika unapolala, toa soli za ndani za buti, jaza buti karatasi za gazeti na uziweke mahali penye hewa, si juu ya hita, kwani ngozi itapasuka na gundi itaachia. Kabla ya kulala toa karatasi zilizolowa uweke nyingine kavu. Asubuhi zitakuwa tayari kwa bonde la pili.